Wanyama nje, Llorente ndani: dakika 45 za Amsterdam na bao la ugenini

Timu zilipotoka vyumbani kuanza kipindi cha pili pale Johan Cruijff Arena, usiku wa tarehe 8 Mei 2019, Victor Wanyama hakuwemo. Huku kwetu saa tano ya usiku ilikuwa imeshapita. Nahodha wa Harambee Stars amebaki benchi, na nafasi yake amepewa Fernando Llorente, mshambuliaji mrefu wa Kihispania mwenye umri wa miaka 34. Ajax 2, Tottenham 0. Ukiongeza lile bao moja ambalo Ajax walilipata London wiki iliyotangulia, jumla ni 3–0, na zimebaki dakika 45 za nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Sisi tuliokuwa tunamfuatilia Wanyama iliuma. Siku hizo ukisema Mkenya anacheza nusu fainali ya Ulaya, tena ameanza mechi zote mbili, kifua kinapanuka chenyewe. Kumwona anatolewa mapumzikoni ilikuwa kama kuambiwa kosa ni lake. Nimeirudia mechi hiyo mara nyingi tangu wakati huo, na sasa nina hakika na jambo moja: badiliko hilo ndilo lililoifungua mechi, na lilifaa kwa sababu ya sheria moja ambayo leo haipo tena. Bao la ugenini.

Kwa vijana walioanza kuangalia mpira juzi, sheria ilikuwa hivi. Timu zikimaliza mechi mbili zikiwa sawa kwa jumla ya mabao, anayesonga mbele ni yule aliyefunga mabao mengi zaidi akiwa ugenini. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliianza mwaka 1965 kwenye Kombe la Washindi, wakati ambapo safari za Ulaya zilikuwa ngumu na timu mgeni ilikuwa inakwenda kujilinda tu. Mgeni akapewa sababu ya kushambulia. Sasa ipeleke hesabu hiyo Amsterdam. Tottenham wako nyuma 3–0, na mabao yote wanayoweza kufunga usiku huo ni ya ugenini. Hawahitaji manne. Wakifunga matatu bila kuruhusu jingine, wamepita, hakuna muda wa nyongeza wala penalti. Kocha Mauricio Pochettino aliingia chumbani akiwa na tarakimu moja ya kuwapa wachezaji wake.

Hesabu ya bao la ugenini haikuwa ngeni kwao. Ukitaka kukielewa kisa hiki, anzia mbali kidogo, Milan, tarehe 18 Septemba 2018. Tottenham walikwenda San Siro kucheza na Inter mechi ya kwanza ya kundi lao, Christian Eriksen akafunga mapema kipindi cha pili, kisha Mauro Icardi akasawazisha dakika za mwisho, na Matías Vecino akaongeza la pili katika dakika za majeruhi. Wakapoteza 2–1. Wakaja kufungwa na Barcelona 4–2 pale Wembley, wakatoka sare 2–2 na PSV kule Eindhoven baada ya golikipa Hugo Lloris kupewa kadi nyekundu. Mechi tatu, pointi moja. Watu wengi waliifunga hesabu yao hapo.

Hawakufa. Waliwafunga PSV 2–1, wakawafunga Inter 1–0 kwa bao la Eriksen dakika ya 80, na siku ya mwisho Lucas Moura akasawazisha dakika ya 85 pale Camp Nou, 1–1, huku Inter wakishikwa 1–1 na PSV nyumbani kwao. Tottenham pointi nane, Inter pointi nane. Ukizichukua mechi zao mbili tu, mabao ni 2–2. Kilichowatenganisha ni lile bao la Eriksen la Septemba, lililofungwa kwenye mechi ambayo Tottenham walipoteza na ambalo usiku ule hakuna aliyelisherehekea. Kwa miezi mitatu lilikaa kama shilingi iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti.

Na timu yenyewe ilikuwa ipi? Msimu huo Tottenham hawakusajili mchezaji hata mmoja, si dirisha la kiangazi 2018, si la Januari 2019. Walikuwa wanajenga uwanja mpya, wakawa wanacheza Wembley mpaka Aprili. Januari kiungo Mousa Dembélé akauzwa China. Wanyama mwenyewe alikuwa ametoka kwenye mateso ya goti, na njia ya kurudi kikosini ilifunguka kwa sababu viungo walikuwa wamepungua. Robo fainali dhidi ya Manchester City, mechi ya kwanza, Son Heung-min aliwapa ushindi wa 1–0, Lloris akaokoa penalti ya Sergio Agüero, lakini Harry Kane akatoka na kifundo cha mguu kilichoumia. Mfungaji wao mkuu akawa nje.

Marudiano pale Manchester, tarehe 17 Aprili, ni mechi inayostahili makala yake. Mabao matano yaliingia ndani ya dakika 21 za mwanzo. Lakini kwa kisa hiki ninachotaka mkione ni kitu kidogo cha dakika ya 41: kiungo Moussa Sissoko aliumia, na kwa kuwa benchi lilikuwa jembamba, Pochettino akamwingiza Llorente, mshambuliaji badala ya kiungo. Halikuwa chaguo la kwanza la mtu yeyote. City wakafika 4–2 na walikuwa wanapita. Dakika ya 73 ikapigwa kona, mpira ukamgonga Llorente kiunoni ukaingia. Mwamuzi Cüneyt Çakır akaenda kutazama kwenye skrini kama mkono uliguswa, akarudi, akasema bao. Sasa ni 4–3 usiku huo, 4–4 kwa jumla, na Tottenham wana mabao matatu ya ugenini. Dakika za majeruhi Raheem Sterling akatikisa nyavu, uwanja mzima ukalipuka, kocha wao Pep Guardiola akakimbia kando ya mstari kama mtoto. VAR, yaani waamuzi wa video, ikasema Agüero alikuwa ameotea. Ule ndio msimu wa kwanza wa VAR katika mashindano hayo, na ilianza kutumika kwenye hatua ya mtoano.

Manchester iliwaachia somo. Mpira wa pasi fupi ukigoma, mpe mtu mrefu, wengine wagombee kinachodondoka. Walilipata kwa bahati ya jeraha. Amsterdam walilitumia kwa makusudi.

Ajax nao tuwape haki yao, maana kisa hiki kikisimuliwa upande mmoja kinakuwa uongo. Walianza mashindano Julai, raundi ya pili ya mchujo, dhidi ya Sturm Graz. Wakawatoa Standard Liège, wakawatoa Dynamo Kyiv, ndipo wakaingia makundi. Nahodha wao Matthijs de Ligt alikuwa na miaka 19. Frenkie de Jong alikuwa ameshakubaliana na Barcelona tangu Januari, na bado alicheza kana kwamba hana mahali pengine pa kwenda. Walikwenda Bernabéu wakawafunga Real Madrid 4–1, mabingwa wa miaka mitatu mfululizo, wakiwa wamepoteza mechi ya kwanza 2–1. Walikwenda Turin wakawafunga Juventus 2–1. Walikwenda London wakashinda 1–0 kwa bao la Donny van de Beek, na David Neres akapiga nguzo zikiwa zimebaki kama dakika kumi na mbili. Nguzo hiyo naikumbuka sana. Ingekuwa 2–0 London, hesabu ya Amsterdam ingekuwa mlima mwingine kabisa.

Lakini angalia tena orodha hiyo. Bernabéu, Turin, London. Nyumbani je? Real walishinda Amsterdam, Juventus walipata sare Amsterdam. Katika hatua ya mtoano msimu huo Ajax hawakushinda hata mechi moja kwenye uwanja wao. Vijana wa kocha Erik ten Hag walikuwa wakali pale mwenyeji anapolazimika kuwashambulia, wanapopata nafasi nyuma ya mabeki. Kulinda kilichopo hakukuwa katika damu yao. Na kipindi cha pili cha tarehe 8 Mei kiliwataka wafanye hicho hasa.

Kipindi cha kwanza walikuwa wamekifanya kionekane chepesi. Neres aliumia wakati wa kupasha misuli, akaanza Kasper Dolberg. Dakika ya tano ikapigwa kona, De Ligt akapanda juu ya kila mtu, kichwa, bao. Dakika ya 35 Dušan Tadić akamtengea Hakim Ziyech, mguu wa kushoto, mpira ukaenda kona ya mbali. Viungo wa Tottenham walikuwa wanakimbiza vivuli. Wanyama alisimama mbele ya mabeki, kazi yake kukaba, lakini Ajax walikuwa hawamletei mtu wa kumkaba. Van de Beek anapita mgongoni, De Jong anatoka chini na mpira, Tadić anashuka kisha anahama. Kiungo mkabaji mmoja dhidi ya mzunguko huo anakuwa mlinzi wa geti ambalo hakuna anayelitumia. Sioni aibu katika kutolewa kwake. Tatizo lilikuwa la mpangilio, na mpangilio ukibadilika kuna mtu lazima atoke.

Llorente akaingia. Ghafla De Ligt na Daley Blind, waliokuwa wanapanda na mpira bila wasiwasi, wakawa na mtu wa kubanana naye mabegani. Tottenham wakaacha kujenga kutoka nyuma. Mpira mrefu, kichwa, kugombea. Inachekesha watu wanaopenda mpira wa pasi, lakini ukiwa na dakika 45 na unahitaji matatu, kila pasi ya ziada ni muda unaoutupa.

Bao la kwanza, dakika ya 55, halikutoka kwa Llorente moja kwa moja. Lilikuwa shambulizi la kushtukiza baada ya Ajax kupoteza mpira, Dele Alli akiukokota katikati, Lucas Moura akimpita kwa kasi na kumalizia kwa utulivu. La pili, dakika nne baadaye, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Krosi kutoka kulia, Llorente yuko hatua chache kutoka mstarini, anapiga, golikipa André Onana anaokoa kwa namna ya ajabu. Mpira haushikiki. Onana amelala, beki amelala, mpira uko miguuni mwa Moura, naye ameupa goli mgongo. Mwingine angepiga popote. Moura anaugusa kidogo, anageuka nao, anaugusa tena, anageuka zaidi, mpaka upenyo unaonekana kati ya miguu ya watu, ndipo anapiga kwa kushoto. Ni kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano ndani ya daladala inayotembea.

2–2. Jumla Ajax 3, Tottenham 2. Zimebaki dakika 31.

Hapa ndipo sheria inapoingia vichwani mwa watu. Bila bao la ugenini, Ajax wakiruhusu moja zaidi kuna muda wa nyongeza, kuna nafasi ya kujipanga upya mbele ya mashabiki wao. Kwa sheria ile, moja tu na kila kitu kimekwisha. Na wao wakifunga moja, Tottenham wanahitaji mawili. Kwa hiyo Ajax walikuwa wamesimama katikati ya mto: washambulie wamalize kazi, au warudi nyuma walinde? Ten Hag alianza kuingiza mabeki. Dolberg akatoka, Daley Sinkgraven akaingia. Lakini wachezaji wenyewe bado walikuwa wanapanda. Ziyech akapiga nguzo kwa mguu ule ule wa kushoto. Sentimita chache ndani, na leo hakuna anayeizungumzia mechi hii. Timu ikawa nusu inashambulia, nusu inalinda, na katikati pakabaki shimo.

Kwa maoni yangu kosa la Ajax liko hapo kuliko kwenye bao lenyewe la mwisho. Wengi husema walikosa uzoefu kwa sababu ya umri. Sikubaliani. Blind, Tadić na Lasse Schöne hawakuwa watoto. Walikosa namna ya pili ya kucheza. Hawakuwa wameihitaji msimu mzima.

Dakika ya 87 Jan Vertonghen alipiga kichwa, mtambaa panya. Mpira ukamrudia, ukazuiwa. Vertonghen alilelewa kisoka Ajax. Toby Alderweireld vilevile, na Eriksen vilevile, na wote watatu walianza usiku huo wakiwa na jezi ya Tottenham. Sijui kama kuna uchungu wa namna hiyo mwingine katika mpira, kuivunja nyumba iliyokulea.

Mwamuzi Felix Brych aliongeza dakika tano. Zilikuwa zimekwisha, au zinakwisha, Sissoko alipoupata mpira katikati ya uwanja na kuupiga mrefu, juu, bila kufikiri sana. Llorente akaruka na beki. Mpira haukumtii mtu, ukadondoka kwa Alli, Alli akausukuma kwa mguso mmoja kwenda mbele, na Moura alikuwa tayari anakimbia. Hakuutuliza. Kushoto, chini, karibu na nguzo. De Ligt aliteleza akachelewa kwa urefu wa kiatu. Kwa hesabu rasmi ni dakika ya sita baada ya 90.

Wachezaji wa Ajax walianguka kama nguo zilizokatika kwenye kamba. Pochettino alipiga magoti akalia. Kane, aliyekuwa jukwaani kwa jeraha, alikimbilia uwanjani. Na Wanyama akatoka benchi akiwa mchezaji wa fainali ya Ulaya.

Usiku uliotangulia, Liverpool walikuwa wamewageuza Barcelona 4–0 pale Anfield baada ya kufungwa 3–0. Watu wanaikumbuka kwa kona ya haraka ya Trent Alexander-Arnold, na ni haki. Ila hata kule, sheria ilikuwa inanong'ona. Divock Origi alipofunga la nne dakika ya 79, Barcelona walihitaji bao moja tu kupita, 4–4 na moja la ugenini. Dakika kumi na moja pamoja na nyongeza, bao moja kwa timu ya Messi, na hawakulipata. Raundi ya 16 Manchester United walikuwa wamewatoa Paris Saint-Germain kwa sheria hiyo hiyo, 3–3 kwa jumla, penalti ya Marcus Rashford katika dakika za majeruhi. Ukihesabu na robo fainali ya City, msimu mmoja ulitoa mechi tatu za mtoano zilizoamuliwa na bao la ugenini, mbili za Tottenham, juu ya kundi lao na Inter.

Miaka miwili baadaye, Juni 2021, UEFA waliifuta. Hoja yao ilikuwa na takwimu: katikati ya miaka ya 1970 wenyeji walikuwa wanashinda asilimia 61 ya mechi na wageni 19, sasa ni 47 kwa 30. Faida ya nyumbani imepungua, wakasema, na sheria inawafanya wenyeji waogope kushambulia mechi ya kwanza. Naiheshimu hoja hiyo. City walifunga mabao manne dhidi ya Tottenham katika mechi mbili, wakafungwa manne, wakatolewa. Shabiki wa City akikuambia hiyo si haki, ana la kusimamia. Na Ajax, timu isiyoshinda nyumbani katika mtoano wote, ni ushahidi kwamba nyumbani si ngome tena.

Ila mimi naililia. Sheria ile ilimpa aliyezama kamba ya kushika. Chukua chumba kile cha Tottenham bila yake: mko nyuma matatu, mna dakika 45, na mkiyafunga yote matatu mnapata nusu saa nyingine ya kukimbia mkiwa hoi, ugenini. Nani anamtoa kiungo mkabaji na kuingiza mzee wa kichwa kwa hesabu hiyo? Pochettino aliweza kucheza kamari kwa sababu zawadi ilikuwa nzima. Leo timu iliyo nyuma inaanza kutafuta sare ya jumla na kusubiri penalti, na mechi nyingi za marudiano zinanipitia bila kuniinua kwenye kiti.

Fainali dhidi ya Liverpool ilichezwa Madrid tarehe 1 Juni, na kwa ukweli haikuwa mechi. Sissoko alishika mpira kwenye eneo kabla hata dakika haijatimia, Damir Skomina, mwamuzi yule aliyewapa United penalti kule Paris, akatoa nyingine, Mohamed Salah akafunga. Kane alirudishwa kikosini, Moura na mabao yake matatu akaanza benchi. Wanyama alikaa benchi dakika zote 90. Kaka yake McDonald Mariga alikuwa amepitia hali kama hiyo mwaka 2010, Inter walipochukua kombe akiwa miongoni mwa wachezaji wa akiba, tofauti ni kwamba Mariga alirudi na medali ya ushindi.

Bao la pili lilifungwa dakika ya 87 na Origi, aliyeingia kipindi cha pili. Alizaliwa Ostend na alichezea Ubelgiji, lakini baba yake, Mike Okoth, alichezea Harambee Stars kabla ya kwenda Ulaya. Kaka wa baba yake, Austin Oduor, alikuwa nahodha wa Gor Mahia mwaka 1987, mwaka ambao klabu hiyo ilitwaa Kombe la Washindi Afrika, kombe pekee la Afrika ambalo klabu ya Kenya imewahi kulichukua. Kwenye fainali walitoka 2–2 na Espérance kule Tunis, wakatoka 1–1 Nairobi, jumla 3–3, na Oduor akalipokea kombe kwa mabao mawili ya ugenini.